Osha, Zungusha, Hifadhi: Mwongozo wa Mboga za Majani Zilizo Safi na Kavu

Mchicha wa sokoni hufika nyumbani ukiwa na mchanga, wadudu wadogo na maji yasiyojulikana yalikotoka. Mchanga hurushwa kwenye majani na mvua au na maji ya kumwagilia, kwa kuwa mchicha ni mmea mfupi na mara nyingi huuzwa ukiwa na mizizi yake. Wadudu hujificha upande wa chini wa jani. Maji ni yale ambayo muuzaji hunyunyizia mafungu yake ili yasinyauke juani. Ndiyo maana kila nyumba huosha mboga kabla ya kuzipika, na hilo halihitaji mahubiri.

Hatua inayorukwa ni ya pili: kuyaondoa maji. Mboga hutolewa kwenye beseni zikichuruzika, zikatiwa kwenye mafuta ya moto yakaruka na kumchoma mpishi. Au hutiwa mfukoni zikiwa zimelowa, zikaingizwa kwenye friji, na baada ya siku mbili zimeoza na kufanya utelezi. Saladi nayo hukamuliwa ndimu na kutiwa mafuta, lakini mafuta hayashiki kwenye jani lililolowa. Huteleza yakakusanyika chini ya bakuli pamoja na maji, na mlaji akapata majani yasiyo na ladha.

Kipo chombo kilichoundwa kwa kazi hii moja ya kukausha mboga kwa kuzizungusha. Tukiite kizungushio. Siku hizi kinapatikana katika maduka ya vyombo ya miji mikubwa, na walio ughaibuni hukikuta karibu kila duka la vifaa vya jikoni. Wengi hukinunua, wakakitumia mara chache, kisha wakakisukumia nyuma ya kabati kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha namna ya kukitumia. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na pia kwa asiye nacho, maana kazi yenyewe inaweza kufanywa hata kwa kitambaa.

Kinavyofanya kazi

Kizungushio kina sehemu tatu: bakuli la nje, kikapu chenye matundu kinachokaa ndani ya bakuli hilo, na kifuniko chenye gia. Ukiendesha gia, kikapu huzunguka kwa kasi huku bakuli la nje likiwa limetulia. Maji huchomoka kwenye majani, hupenya matundu, hugonga ukuta wa bakuli na kushuka chini. Majani hubaki kikapuni. Ndivyo mashine ya kufulia inavyokamua nguo mwishoni mwa kazi yake.

Nguvu yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Kikapu chenye upana wa sentimita 22 kikizunguka mara 5 kwa sekunde, tone la maji lililoko ukingoni husukumwa nje kwa nguvu ipatayo mara 11 ya uzito wake. Ukiongeza kasi maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Katikati ya kikapu, kwa upande mwingine, nguvu hiyo karibu haipo.

Hesabu hii ndogo ndiyo inayotoa kanuni zote za kukitumia. Kwanza, mizunguko michache ya kasi hukausha vizuri kuliko mizunguko mingi ya polepole. Pili, kikapu kilichojaa pomoni huwa kizito, hakifikii kasi, na hivyo hakikaushi. Tatu, majani yaliyo katikati hubaki yamelowa hadi uyageuze yahamie ukingoni. Ukizishika kanuni hizi tatu, mengine ni mazoea ya mkono.

Kisichofanya

Kabla hujakiamini kupita kiasi, fahamu kwamba kizungushio hakiui vijidudu. Hukausha tu. Usafi wa mboga hutoka kwenye maji na mikono yako, na kwa mboga zinazoliwa zikiwa zimeiva, hutoka kwenye moto.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu matumizi ya majitaka katika kilimo, lilipima hatua hizi kwa uwezo wake wa kupunguza vijidudu. Kuosha mboga kwa maji safi huondoa takriban asilimia 90 ya vijidudu, yaani katika kila kumi hubaki kimoja. Kuosha kwa maji yenye dawa dhaifu ya kuua vijidudu na kusuuza kwa maji safi huondoa takriban asilimia 99. Kupika huacha kimoja au pungufu katika kila milioni.

Takwimu hizo zinatuhusu moja kwa moja. Sehemu ya mboga zinazoliwa Dar es Salaam hulimwa bondeni mwa Mto Msimbazi, na Nairobi nako kuna wakulima wanaomwagilia kwa maji ya mito inayopokea majitaka. Maji ya namna hiyo yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara, pamoja na mayai ya minyoo. Sukuma wiki iliyopikwa ikaiva imepita kwenye ulinzi mkubwa wa moto. Jani la letusi ndani ya sahani ya saladi halina ulinzi huo. Linategemea maji yako peke yake. Kwa hiyo mboga ya kuliwa mbichi nunua kwa muuzaji unayejua shamba lake, na uioshe kwa uangalifu mara mbili ya ule wa mboga ya kupika. Kumbuka pia kwamba kuosha hakuondoi madini mazito wala dawa ya kuua wadudu ambayo mmea umekwisha kuinyonya. Kwa hayo, kinga ni kujua mboga imelimwa wapi na nani.

Kuchagua kizungushio

Vizungushio hutofautiana kwa jinsi vinavyoendeshwa. Kuna vyenye kitufe kikubwa katikati ya kifuniko ambacho hubonyezwa kwenda chini, vyenye mpini wa kuzungusha kwa mkono, na vyenye kamba ya kuvuta. Cha kitufe huendeshwa kwa mkono mmoja na hutulia mezani, hivyo humfaa mzee, mtoto anayesaidia jikoni na mtu mwenye maumivu ya vifundo. Cha mpini ni rahisi kuelewa na hudumu ikiwa gia zake ni imara. Cha kamba hufikia kasi kubwa upesi, ila kamba huchakaa, nayo ikikatika si rahisi kupata nyingine.

Dukani, angalia mambo haya:

1. Bakuli la nje lisiwe na tundu chini. Lenye tundu linakulazimisha kufanyia kazi kwenye sinki, na huwezi kuoshea mboga ndani yake.

2. Upana uwe sentimita 24 hadi 26 kwa familia. Vidogo vya sentimita 20 vinatosha kwa mtu mmoja au wawili, lakini fungu moja la sukuma wiki litakulazimisha kurudia mara tatu au nne.

3. Kifuniko kiwe kinafunguka kwa ajili ya kusafishwa. Kile kisichofunguka huingiza maji ndani ya gia na kuyafungia humo, na baada ya muda hutoa harufu ya uvundo.

4. Kiwe na breki. Bila breki utasubiri kikapu kisimame chenyewe, au utakizuia kwa vidole na kuchubua majani.

5. Kitako kiwe na mpira wa kuzuia kuteleza. Usipoupata, kitambaa kibichi kilichotandazwa chini ya bakuli hufanya kazi ileile.

Kuosha

Anza kwa mikono. Ioshe kwa sabuni kwa sekunde 20, kisha safisha meza au sinki utakapofanyia kazi. Halafu fuata hatua hizi.

1. Chambua mboga zikiwa kavu. Kata mizizi, ondoa majani ya manjano na yaliyooza, tupa nyasi na magugu. Jani moja bovu likipita hapa litaozesha mengine ndani ya chombo cha kuhifadhia. Letusi itenganishe jani kwa jani, kwa kuwa mchanga wake hujificha shinani.

2. Usikatekate kabla ya kuosha. Vitamini C huyeyuka katika maji, na kila pale kisu kinapopita hufungua njia ya kuipoteza. Njia hiyohiyo huingiza maji machafu ndani ya jani. Kama mama mboga wako hukukatia sukuma wiki palepale kibandani, mwombe akupe majani mazima. Utayakata nyumbani yakiwa safi na makavu, na yatakatika vizuri zaidi.

3. Weka kikapu ndani ya bakuli la nje, tia maji baridi mpaka karibu na ukingo, kisha tumbukiza majani. Yawe na nafasi ya kuelea. Yakibanana, mchanga hauna pa kupita.

4. Yakoroge kwa mkono taratibu, ukiyainua na kuyashusha, kisha yaache yatulie dakika mbili au tatu. Mchanga ni mzito kuliko maji, hivyo utashuka chini huku majani yakielea juu.

5. Inua kikapu na majani yake. Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Wengi huinamisha beseni na kumwaga maji yote juu ya chujio, mchanga uliokwisha kutua ukarudi juu ya mboga. Ukiinua kikapu, mchanga hubaki ndani ya bakuli.

6. Pitisha vidole kwenye sakafu ya bakuli. Ukihisi chembechembe, mwaga, suuza bakuli na urudie. Mchicha na giligilani za msimu wa mvua mara nyingi huhitaji maji matatu. Sukuma wiki hutosheka na mawili. Usihesabu mara, sikiliza vidole.

7. Kwa mboga za kuliwa mbichi, maji ya mwisho yawe salama ya kunywa: yaliyochemshwa na kupozwa, au yaliyotiwa vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kuchemsha yaache yatokote dakika 1 nzima. Wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama Limuru, wayaache dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi.

Usitumie sabuni. Majani huifyonza, na tumbo halikuumbwa kwa ajili yake. Usimimine dawa ya kung'arishia nguo kwa kukisia. Chumvi kijiko kimoja katika maji ya kwanza husaidia viwavi na wadudu kuachia majani ya kabichi na sukuma wiki, lakini isiwe nyingi wala majani yasikae humo zaidi ya dakika chache, kwani chumvi hunyonya maji ya jani na kulilegeza. Chumvi hiyo haigeuzi maji machafu kuwa salama.

Ikiwa maji unanunua kwa dumu, usione hatua hizi ni za anasa. Gawa mboga katika mafungu mawili. Maji ya mwisho ya fungu la kwanza ni safi kiasi cha kuwa maji ya kwanza ya fungu la pili. Yaliyochafuka yapeleke kwenye mgomba au bustani.

Iwapo majani yamenyauka njiani, usiyatupe. Yaache ndani ya maji baridi kwa dakika 15 hadi 30. Jani hunywa maji na kusimama tena, kisha ulikaushe kwa nje. Maji yaliyo ndani ya jani ndiyo yanayolifanya liwe imara lenye mkatiko. Yaliyo juu yake ndiyo tunayoyafukuza.

Kuzungusha

1. Mwaga maji yote kutoka bakuli la nje na ulifute. Tikisa kikapu mara mbili tatu juu ya sinki ili maji mengi yatoke yenyewe.

2. Jaza kikapu nusu, au kisizidi theluthi mbili. Tandaza majani sawasawa pande zote. Yakiegemea upande mmoja, chombo kitatetemeka na kutembea mezani.

3. Funga kifuniko mpaka kikae barabara. Shikilia kwa mkono mmoja, endesha kwa mwingine. Ongeza kasi taratibu, ifikishe juu, dumu hapo sekunde 10 hadi 15, kisha piga breki.

4. Fungua, mwaga maji yaliyokusanyika. Usiruke hatua hii, kwa sababu maji yakipanda hadi kwenye kikapu hulowesha tena majani ya chini.

5. Geuza majani kwa vidole ili ya katikati yaende ukingoni. Zungusha tena kwa muda uleule.

6. Tazama bakuli. Kama raundi ya pili imetoa matone machache tu, umemaliza. Kama imetoa maji ya kujaza kijiko au zaidi, rudia mara ya tatu. Bonyeza jani moja kwenye kitambaa kikavu. Likiacha alama hafifu tu, limefaa.

Majani laini kama letusi changa hayapendi kasi ya juu. Huchubuka, na mahali palipochubuka hugeuka rangi ya kahawia kesho yake. Yape raundi tatu za kasi ya wastani badala ya mbili za kasi kubwa. Sukuma wiki na kabichi ni ngumu, zungusha bila huruma.

Mboga ipi izungushwe, ipi iachwe

Kizungushio si cha kila mboga, na kujua hilo kutakuokolea muda.

Letusi, kabichi mbichi na majani yote ya saladi zungusha kila mara. Hapa ndipo tofauti huonekana mezani: ndimu, chumvi na mafuta hushika kwenye jani kavu, na unatumia mafuta machache kwa ladha kubwa zaidi. Walio Muscat na miji mingine ya Ghuba, ambako majani ya jirjiri huliwa mabichi pamoja na wali na samaki, wayafanyie hivyohivyo. Mafungu yake hubeba mchanga mwingi shinani.

Giligilani na majani mengine ya kiungo nayo yazungushwe. Giligilani iliyolowa hugandamana chini ya kisu na kuwa uji wa kijani; iliyokauka hukatika vipande vidogo vinavyotawanyika vizuri ndani ya kachumbari. Nyanya na tango za kachumbari usizizungushe, zitapondeka.

Sukuma wiki ya kukaanga kwa muda mfupi inafaidika sana. Maji yaliyo juu ya jani yakiingia kwenye kikaango, joto la mahali hapo halipandi juu ya nyuzi 100 hadi maji yote yaishe, na wakati huo mboga inachemka badala ya kukaangika. Ndiyo sababu sukuma wiki hutoa supu ambayo hukuikusudia na kupoteza rangi yake. Ondoa mishipa minene ya katikati, chana jani vipande viwili vitatu, zungusha, kisha ukate nyembamba.

Mchicha, matembele, mnavu na majani ya kunde hutegemea mapishi. Ukiyapika kwa nazi au kwa karanga, kuyatikisa kwenye chujio kunatosha, kwa kuwa unahitaji mchuzi. Ukiyakaanga na vitunguu peke yake, zungusha. Na ukiyaosha leo ili kuyapika keshokutwa, zungusha bila kujiuliza.

Kisamvu kinachotwangwa na mlenda usivisumbue. Vitapikwa kwa maji, na kuvikausha ni kupoteza nguvu.

Viazi vya chipsi vitakushangaza. Vikishakatwa na kusuuzwa mpaka maji yasiwe meupe kwa wanga, vizungushe kwa mafungu madogo kabla ya kukaanga. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana tone moja huyarusha mafuta ya moto nje ya sufuria. Chipsi kavu hukaangika kwa usalama zaidi na hupata ganda linalovunjika mdomoni.

Mboga za kukaushwa, kazi wanayoijua vizuri watu wa Dodoma ambao huweka akiba ya mboga kwa ajili ya kiangazi, nazo zina nafasi hapa. Baada ya kuosha, chovya majani kwenye maji yanayotokota kwa dakika 2 au 3, yapoze kwenye maji baridi, kisha yazungushe kabla ya kuyatandaza. Utapunguza muda wa kukauka na hatari ya ukungu. Yatandaze kivulini penye upepo au ndani ya kikaushio kilichofunikwa, kwa sababu jua kali linalopiga moja kwa moja huharibu virutubisho ambavyo mwili hutengenezea vitamini A.

Pakiti za saladi za madukani zilizoandikwa kwamba zimeoshwa na ziko tayari kuliwa hazihitaji kuoshwa tena. Kuzitoa na kuzipitisha kwenye sinki ya nyumbani huweza kuzichafua zaidi ya kuzisafisha.

Kuhifadhi

Faida kubwa ya kizungushio kwa familia yenye shughuli nyingi iko hapa. Mtu anayekwenda sokoni mara moja kwa juma anaweza kuosha na kukausha mboga zake zote siku hiyohiyo, na siku za kazi akapika bila kuanza na mchanga.

Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, tandika kitambaa safi cha pamba au karatasi ya jikoni chini, panga majani bila kuyashindilia, weka kitambaa kingine juu, funika. Kitambaa hunyonya unyevu mdogo uliobaki na ule unaotoka kwenye majani yenyewe. Kikilowa, kibadilishe. Friji iwe na ubaridi wa nyuzi 4 au chini yake. Majani yaliyokauka vizuri na ambayo hayajakatwa hukaa siku tano hadi saba. Giligilani nayo hukaa muda kama huo. Kila siku ondoa jani lililoanza kubadilika.

Majani yaliyokatwa au saladi iliyochanganywa isikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto la kuzidi nyuzi 32, kama Dar es Salaam au Mombasa za mwezi Februari, isizidi saa 1. Kama huna friji, osha na kuzungusha kiasi cha mlo mmoja tu. Mboga nyingine zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, uziweke mahali penye kivuli na hewa, bila kuziosha, hadi utakapozihitaji.

Kukitunza chombo

Kizungushio kichafu hurudishia mboga kile ulichokiondoa. Kila baada ya kazi, osha bakuli na kikapu kwa sabuni na maji ya moto, ukisugua matundu ya kikapu kwa brashi ndogo kwa kuwa vipande vya majani hukwama hapo. Kifuniko kifute au kisuuze kwa juu. Usikizamishe ndani ya beseni kama hakifunguki. Kinachofunguka kifungue angalau mara moja kwa juma, osha vipande vyake, vianike vikauke kabisa kabla ya kuviunganisha. Hifadhi chombo kikiwa wazi mpaka kikauke, kifuniko kando.

Usikitumie kukaushia kuku, samaki au nyama mbichi, hata mara moja. Vijidudu vya nyama huingia kwenye pembe na matundu, na mlo unaofuata wa saladi hautapita motoni ili vife.

Kama huna kizungushio

Jikoni mwa Ufaransa kazi hii ilifanywa kwa miaka mingi na kikapu cha waya: mpishi alikijaza majani yaliyooshwa, akatoka nje, akakizungusha kwa mkono hadi maji yakaruka. Kanuni ni ileile, na kitambaa kinaweza kuchukua nafasi ya kikapu.

Chukua kitambaa kikubwa cha pamba kilichotengwa kwa kazi hii peke yake, kilichofuliwa na kusuuzwa mpaka hakina harufu ya sabuni. Weka majani katikati, kusanya pembe nne, zishike kwa nguvu. Toka uani, simama mbali na watu na kuta, zungusha mkono wako duara kubwa mara 15 au 20 kwa kasi. Kitambaa kitanyonya sehemu ya maji na nyingine itarushwa nje. Fungua, geuza majani, rudia. Jani halitakuwa kavu kama la kizungushio, ila litakaribia.

Asiyetaka kuzungusha anaweza kutandaza majani juu ya kitambaa kikavu, akayafunika kwa kingine na kuyapapasa polepole, au akayaanika kwenye ungo safi kivulini kwa nusu saa, yakiwa yamefunikwa chandarua ili nzi wasiyafikie.

Neno kwako, msomaji

Kama unacho chombo hiki kabatini, kitoe leo. Safisha, jaza nusu, zungusha kwa kasi, mwaga maji, geuza majani, zungusha tena. Kama huna, tenga kitambaa kimoja na ukipe kazi hiyo. Mkulima ameinama juani kukuza jani hilo, na wewe umelilipia. Halistahili kuozea mfukoni kwa sababu ya maji ambayo yangetolewa kwa dakika moja. Na unapompelekea mtoto au mgeni sahani ya majani mabichi, hakikisha kwanza yameoshwa kwa maji ambayo wewe mwenyewe ungekubali kuyanywa.